Leo Zamu ni ya Nani?

Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Kakamega na Kamati ya Afya ya Bunge la Kaunti

MINTARAFU: UTU KATIKA HUDUMA ZA AFYA YA UZAZI

Mheshimiwa Waziri, Waheshimiwa wanakamati,



Mpwa wangu alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza alfajiri moja ya mvua. Kabla sijamwita wa bodaboda, nilimpigia simu mama anayeuza uji nje ya lango la hospitali. Mama huyo huwa amekwisha kuwasha jiko kufikia saa kumi na moja, na anawaona wauguzi na madaktari wakiingia na kutoka. Nikamuuliza, "Leo zamu ni ya nani?" Akanitajia. Nikashusha pumzi, nikamwambia mpwa wangu, "Inuka, twende." Lau angetaja jina jingine, tungetafuta nauli ya kwenda kituo cha mbali zaidi, au tungekaa kitandani tukihesabu saa hadi zamu ibadilike. Na kusubiri zamu ibadilike ilhali uchungu umeshika ni kuweka roho mbili rehani.

Nawaandikia kwa sababu ya swali hilo. Nimefundisha shule za msingi za Shinyalu na Ikolomani kwa miaka 33. Nimezaa mara 4, nikazika mmoja kabla hajapewa jina. Nimewasindikiza hospitalini mabinti, wakaza wana na majirani nisioweza tena kuwahesabu. Swali hilo nimelisikia Khayega, nimelisikia Malava, nimelisikia kwa wanawake wa Navakholo tuliokaa nao benchi moja tukisubiri kuitwa. Wanawake wa kaunti hii wameijua orodha ya zamu kuliko wakuu wa wodi. Wanajua nani hupiga kelele, nani humfunika mgonjwa shuka, nani hukuuliza kabla ya kukugusa. Ombi langu ni kwamba swali hilo life, na naamini uwezo wa kuliua mnao.

Niruhusuni nianze na daktari mmoja, maana bila yeye nisingejua kwamba mambo yanaweza kuwa vingine.

Mimba yangu ya tatu ilitoka ikiwa na miezi 7. Kituo sikitaji, ni zamani, na sikuja hapa kumshitaki mtu. Nililazwa kati ya mama wawili wanaonyonyesha. Usiku kucha watoto wao walilia, na maziwa yangu yakatoka. Hakuna aliyeniambia kama wangu alikuwa wa kike au wa kiume. Asubuhi watu watano waliokuja na daktari wakasimama miguuni pangu, shuka ikafunuliwa pasipo neno, nikapimwa huku wakielezana juu yangu kana kwamba mimi sipo. Mmoja wao, nadhani alitaka kunifariji, akasema, "Wewe bado kijana, utapata mwingine."

Nilipata mwingine, na huyo nilimzalia nyumbani. Baada ya hapo sikukanyaga tena kliniki ya wanawake kwa miaka 11. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilipoanza kutokwa na damu katikati ya mwezi nilichemsha mizizi nikanywa, nikanyamaza. Dada yangu ndiye aliyenishika mkono akaniambia kwamba kama siendi kwa hiari yangu atanibeba.

Daktari yule wa magonjwa ya wanawake alisimama kunisalimia. Ni jambo dogo, lakini nilikuwa sijawahi kumwona daktari akisimama kwa ajili yangu. Kiti chake kilikuwa upande mmoja na changu, meza haikututenga. Tukaongea nikiwa nimevaa nguo zangu zote. Akauliza nimezaa mara ngapi, nikasema tatu. Akatazama kile kikaratasi nilichojaza mlangoni, ambako niliandika mimba 4, akaniuliza polepole, "Na huyu mwingine, mwalimu?" Nikalia. Akaweka kalamu chini, akangoja. Nilipotulia akauliza kama alikuwa msichana au mvulana. Nikamwambia sikuambiwa. Akasema, "Pole sana. Ulistahili kuambiwa."

Kisha akanieleza kipimo. Alinionyesha kile chombo cha chuma cha kufungulia njia ili mlango wa kizazi uonekane, akanipa nikishike, akasema vipo vya ukubwa mbalimbali na angetumia kidogo. Akakipasha moto kwa maji ya vuguvugu. Pazia lilivutwa. Sista akasimama upande wa kichwa changu, mahali ambapo niliweza kumwona usoni. Daktari akasema, "Ukiniambia nisimame, nitasimama hapo hapo." Nilimwambia asimame mara moja, kujaribu tu kama ni kweli. Akasimama.

Ile damu ilitoka kwenye kinyama kidogo kisicho na madhara. Lakini alipopaka siki kwenye mlango wa kizazi, sehemu moja iligeuka nyeupe. Alinieleza kwamba hiyo si saratani, ni mabadiliko ambayo yakiachwa miaka mingi yanaweza kuwa saratani, na kwamba yanatibika kwa kugandishwa kwa baridi kali. Nilirudi wiki ya pili, nikatibiwa, nikaenda zangu nyumbani kwa miguu. Nasisitiza neno hilo: nilirudi. Kama siku ya kwanza ningetendewa kama nilivyotendewa zaidi ya miaka 11 kabla yake, nisingerudi, na huenda barua hii isingekuwa na mwandishi.

Waheshimiwa, saratani ya mlango wa kizazi huua wanawake zaidi ya 3,000 kila mwaka nchini Kenya. Ni saratani ambayo huchukua miaka mingi kukomaa, hivyo tunapewa muda wa kuizuia. Tangu Oktoba 2019 wasichana wenye umri wa miaka 10 wanapewa chanjo dhidi ya virusi vinavyoileta. Kwa sisi tuliokwisha kuvuka umri huo kuna kipimo cha siki, ambacho hakihitaji mashine kubwa wala maabara. Muuguzi aliyefunzwa anakifanya katika zahanati yoyote yenye taa nzuri. Lakini kipimo hicho humtaka mwanamke avue nguo alale mbele ya mtu asiyemjua. Kama mara ya mwisho alipovua alidhalilishwa, siki hiyo itabaki chupani. Mnaweza kununua chupa elfu moja, mkabandika mabango hadi Likuyani, bado atakaa nyumbani achemshe mizizi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba upole wa daktari yule ulikuwa sehemu ya tiba. Kabla hajanigusa kwa dawa alikuwa amekwisha kunitibu woga, na woga ndio uliokuwa unaniua.

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo penye barua. Daktari yule alihama. Alipoondoka, kila alichokifanya kiliondoka naye. Kiti kikarudi ng'ambo ya meza. Pazia likachanika, halikushonwa. Wanawake wa kijijini kwetu waliokuwa wameanza kwenda kupimwa wakapunguza, kisha wakaacha. Hakuna aliyewakataza. Waliuliza tu zamu ni ya nani, wakasikia jibu, wakarudi shambani.

Huruma inayotegemea mtu mmoja ni kama kisima kilicho kwenye shamba la jirani. Siku akihama au akifunga lango, kijiji kizima kina kiu. Nawaombeni mtuchimbie kisima cha kijiji.

Najua wapo watakaosema huruma ni jambo la moyo, na serikali ya kaunti haina mkono wa kuingia moyoni mwa mtu. Nakubali kwamba moyo haupangiwi bajeti. Lakini karibu kila alichonifanyia daktari yule kilikuwa kitendo, na vitendo hufundishwa, hupangwa, hukaguliwa. Kusimama kumsalimia mgonjwa, kuuliza kabla ya kugusa, kuvuta pazia, kupasha chuma moto, kumweka sista mahali anapoonekana: hayo yote yanaweza kuandikwa kwenye ukuta wa kila chumba cha uchunguzi katika kaunti ndogo zote 12.

Tazameni ng'ambo ya ziwa. Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, alianzisha Hospitali ya Panzi mwaka 1999 akitaka wanawake wajifungue salama. Vita vikamletea wanawake waliobakwa na kuraruliwa. Dunia ilimpa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018, na wengi tunamkumbuka kwa mkono wake wa upasuaji. Mimi linaloniingia zaidi ni mpango aliojenga. Pale Panzi mwanamke hatibiwi kidonda tu. Anakutana na mtu wa kumsikiliza na kumtuliza, anasaidiwa kisheria akitaka kushitaki, na anafundishwa kazi ya kumlisha akirudi kwao. Yote yamekusanywa mahali pamoja ili asilazimike kusimulia aibu yake katika ofisi nne tofauti. Daktari mmoja alikuwa na huruma. Akaigeuza kuwa milango, vyumba na watu wenye majukumu.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Hapa hapa Mumias, shirika la WADADIA limekuwa likiwatafuta wanawake wenye fistula vijijini. Mnaijua fistula: uchungu unapokwama muda mrefu bila msaada, kichwa cha mtoto hukandamiza nyama dhidi ya mfupa hadi zikafa, tundu likabaki kati ya kibofu na njia ya uzazi, na mwanamke akawa anavuja mkojo mchana na usiku. Mara nyingi mtoto naye huwa amekufa. Wengi hujificha, wakaachwa na waume, wakaambiwa wamerogwa. Kule Eldoret, Daktari Hillary Mabeya na wenzake wa hospitali ya Gynocare wamejitolea kuwashona wanawake wa namna hiyo. Lakini mwanamke aliyejificha haendi kwa daktari wa upasuaji kwa miguu yake. Anafuatwa, na mara nyingi anayemwamini ni mwanamke mwenzake aliyepona. Huo pia ni mpango: aliyetibiwa anakuwa mlango wa asiyetibiwa.

Mfano wa tatu ni wa karatasi ya plastiki. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukawahusisha wanawake zaidi ya 200,000. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa mambo yanayoua mama wengi zaidi kwetu. Kwa muda mrefu kiasi cha damu kilikadiriwa kwa macho, na macho yaliyochoka hukosea. Katika baadhi ya hospitali hizo watafiti wakaweka chini ya kila mama karatasi ya plastiki yenye mfuko na mistari ya kipimo. Damu ikifika mstari fulani, wahudumu wanatoa matibabu yote kwa pamoja papo hapo: kukanda tumbo, dawa ya kubana kizazi, dawa ya kuzuia damu, maji ya mshipani, na uchunguzi wa kutafuta chanzo. Visa vya kutokwa na damu kupita kiasi vyenye madhara makubwa vilipungua kwa asilimia 60. Nilipousikia utafiti huo nilimkumbuka daktari wangu. Yeye alikuwa na jicho la kuona. Ile karatasi inamfanya kila muuguzi, katika kila zamu, awe na jicho hilo. Ndicho ninachokiomba pia kwa upande wa utu: kitu kitakachofanya kila zamu iwe zamu yake.

Waheshimiwa, siwaandikii kama watu wasiofanya lolote. Tangu tarehe 1 Juni 2013 kina mama waliacha kulipia kujifungua katika hospitali za umma. Ukaja mpango wa Linda Mama, na tangu Oktoba 2024 tuko chini ya bima ya afya ya SHA. Kaunti hii ilikwenda mbele zaidi. Mpango wa Imarisha Afya ya Mama na Mtoto, ambao sisi tuliuita Oparanya Care, ulimpa mama maskini shilingi 2,000 kila alipohudhuria hatua iliyopangwa, mara 6, jumla shilingi 12,000. Nimewaona wanawake wakinunua kuku wa mayai na sare za shule kwa fedha hizo. Nchini kote, mwaka 2014 uzazi uliosimamiwa na wahudumu wenye ujuzi ulikuwa asilimia 62. Kufikia 2022 ulikuwa asilimia 89. Wanawake wamekuja. Mliwaita wakaitika.

Pamoja na hayo, sensa ya 2019 ilionyesha kwamba katika kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai nchini, mama 355 hufa. Lengo la dunia la mwaka 2030 ni chini ya 70. Wanawake wamefika mlangoni, na bado wanakufa. Kwa hiyo ni lazima tuangalie kinachotokea ndani ya mlango. Utafiti wa mradi ulioitwa Heshima, uliofanyika katika vituo 13 hapa Kenya, uligundua kwamba mwanamke 1 kati ya 5 alisema alidharauliwa au kutendewa vibaya alipojifungua. Wengine walipigwa, wengine walitukanwa, wengine waliachwa peke yao. Mwanamke aliyetukanwa huwa haiti tena, hata damu ikimtoka. Nimewahi kumwona mmoja ameng'ata leso kimya, anaogopa kumsumbua sista.

Majirani zetu wa Bungoma wanajua gharama ya dharau hiyo. Mwaka 2013 mama mmoja alijifungulia kwenye sakafu ya saruji ya hospitali ya umma, akapigwa makofi na waliopaswa kumsaidia, na picha zake zikazagaa nchi nzima. Alikwenda mahakamani. Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kwamba haki zake za utu na afya zilivunjwa, ikaagiza alipwe shilingi milioni 2.5 na aombwe radhi. Hukumu hiyo haikuishia kwa wauguzi waliompiga. Iligusa serikali ya taifa na ya kaunti kwa kutowajibika. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya, na kinataja afya ya uzazi kwa jina. Jedwali la Nne limeziweka hospitali za kaunti mikononi mwenu. Ndiyo maana barua hii imekuja kwenu, haikwenda Nairobi.

Sasa maombi yangu. Ni matano, na mengi yake ni ya bei ya chini.

La kwanza ni pazia na kigoda. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mwanamke mwenye uchungu awe na mtu anayemchagua mwenyewe wa kukaa naye. Tafiti nyingi zikikusanywa pamoja zinaonyesha kwamba mwanamke asiyeachwa peke yake uchungu wake huwa mfupi zaidi, na uwezekano wa kupasuliwa hupungua. Hapa kwetu nimeambiwa mara nyingi, "Mama, subiri nje, humu kuna wanawake wengine." Ni kweli, wapo, na vitanda havina kitu kati yake. Basi tuwekeeni pazia kati ya kitanda na kitanda, na kigoda kimoja kando ya kila kitanda. Mafundi wa cherehani wa soko la Kakamega watayashona mapazia hayo kwa wiki moja. Mimi niko tayari kununua kigoda cha kwanza.

La pili ni chumba cha waliofiwa. Mama aliyepoteza mtoto asilazwe katikati ya wanaonyonyesha. Kama hakuna chumba, kuwe na kona. Aambiwe mtoto wake alikuwa wa kike au wa kiume. Aulizwe kama anataka kumwona na kumshika. Aelezwe la kufanya maziwa yakija. Aambiwe arudi lini, na akirudi apokelewe na mtu anayejua kilichompata, asije akaulizwa mlangoni, "Mtoto yuko wapi?" Hilo la mwisho lilinipata, na miaka yote hii bado nalisikia.

La tatu ni ruhusa. Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe na akubali kabla ya kutibiwa. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro na wa chuo cha mafunzo ya tiba hapa mjini ni watoto wetu. Wengine nimewafundisha kusoma. Lazima wajifunze, na hawawezi kujifunza kwa vitabu pekee. Lakini mwanamke maskini asigeuzwe ubao wa darasa bila kuulizwa. Aulizwe kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani, kabla hajavua nguo: "Nina wanafunzi wawili, unakubali wawepo?" Akikataa, asichukiwe. Mwanafunzi akimwona mwalimu wake akiuliza hivyo miaka yote ya masomo, atauliza hivyo maisha yake yote.

Ndani ya ombi hilo naomba muwakumbuke wasichana. Nchini Kenya asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kushika mimba. Mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la nane nilimpeleka kliniki mwenyewe. Mbele ya benchi lililojaa akaulizwa alikuwa akitafuta nini kwa wanaume. Hakurudi hadi siku ya kuzaa. Yule daktari wangu alikuwa na desturi nyingine: msichana akija na mlezi, alimwomba mlezi asubiri nje kidogo, akaongea naye peke yake. Alikuwa akijua kwamba aliyempa msichana mimba wakati mwingine huishi nyumba moja naye. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamlinda mtoto huyo, lakini haiwezi kumlinda kama hajapata mahali pa kusema. Chumba cha daktari kinaweza kuwa mahali pake pekee.

La nne ni sikio. Visanduku vya maoni viko ukutani, na funguo zake hukaa kwa wale wale wanaolalamikiwa. Tupeni mtu asiye wa wodi hiyo, anayeweza kupigiwa simu, mwenye wajibu wa kumjibu mama kwa siku zilizowekwa. Wahudumu wa afya ya jamii wanaotutembelea nyumbani wapewe swali moja la kumuuliza kila aliyejifungua: "Ulipokelewaje?" Majibu yajumlishwe, yasomwe katika Bunge la Kaunti kila robo ya mwaka kama yanavyosomwa mahesabu ya fedha. Na zikitajwa sifa za muuguzi fulani, naye asomwe kwa jina. Wapo wengi wanaotenda wema gizani wala hakuna anayewaambia asante.

La tano ni la hao wauguzi na madaktari wenyewe, na naliweka mwisho kwa sababu linashikilia yote manne. Kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017 madaktari waligoma siku 100, na wauguzi baadaye mwaka huo wa 2017 wakagoma karibu miezi 5. Mwaka 2024 madaktari waligoma tena kwa siku 56. Tulioumia ni sisi, lakini niliwaelewa. Muuguzi mmoja akiwa na wanawake sita wenye uchungu, hana mkono wa kushika mkono wa yeyote. Ukimnyima mshahara miezi miwili, ukampa zamu mbili mfululizo, kisha ukamwambia atabasamu, unamwonea. Ukali mwingi ninaouona wodini ni uchovu uliokosa pa kwenda. Waajirini wa kutosha, walipeni kwa wakati, wapeni mahali pa kukaa wakinywa chai, na mama akifa mikononi mwao, wapeni nafasi ya kulia. Mtu asiyehurumiwa ataitoa wapi huruma?

Mheshimiwa Waziri, huenda kuna siku utaamua kututembelea. Usije na msafara. Njoo saa nane usiku, bila kutangaza, ukae kwenye lile benchi la nje pamoja na akina mama waliozuiwa kuingia. Usikilize sauti zinazotoka ndani. Halafu uliza wanaokaa nawe walijuaje kwamba ni salama kuja usiku huo. Watakuambia walimpigia nani simu.

Mpwa wangu ana mimba ya pili. Kliniki imemwambia ni miezi mitatu imebaki. Nimekwisha kuchagua kigoda nitakachokwenda nacho, na leso mbili, na chupa ya uji. Uchungu ukimshika, naomba iwe ni siku ambayo nitamwita wa bodaboda kwanza.

Wenu katika utumishi,

Mwalimu mstaafu, mama na shangazi,
Shinyalu, Kakamega